Fulana Nne Nyeupe

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kati ya kitanda na kiti kisichomalizika kusukwa. Mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika ncha ya ufito wa henzerani, kana kwamba marehemu alikuwa ameomba amalizie safu moja tu, na kifo kikamjibu kwamba foleni ni ndefu.

Saa mbili asubuhi Inspekta aliingia chumbani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, mrefu, mwenye mwendo wa mtu anayetafuta sarafu iliyomponyoka. Kituoni walimwita Mzee Taratibu, kwa siri, siri ambayo hata mbuzi wa jirani waliijua. Mkewe alikuwa amefariki miaka mitano nyuma. Tangu hapo hakuna aliyekuwa akimngoja popote, na mtu asiyengojwa hana sababu ya kukimbia.

"Amepigwa huyu, afande," alisema Sajini, mwanamke mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Alilifunua shati la marehemu. "Tazama. Kipigo cha mbwa mwizi."

Mgongo, mbavu na mikono vilikuwa na mabaka ya zambarau. Damu ilikuwa imekaukia puani. Kwenye paji la uso palikuwa na nundu ndogo.

Inspekta alizungusha macho. Kitanda. Sanduku la nguo. Redio iliyofungwa kwa mpira. Kamba iliyopigiliwa ukutani kutoka kitandani hadi mlangoni, maana mwenye chumba hakuwa akiona. Fimbo yake nyeupe ilikuwa kwenye msumari wake, na kikombe cha udongo kilikuwa ukingoni mwa meza, kizima.

"Basi aliyempiga alikuwa na adabu sana," alisema Inspekta. "Hakuvunja hata kikombe."

Mezani palikuwa na makopo mawili ya dawa na kadi ya manjano. Kopo la kwanza lilikuwa limebandikwa karatasi: *Dawa ya kuzuia damu kuganda. Vidonge sita kila jioni.* La pili halikuwa na maandishi, na lilikuwa tupu. Kadi ilikuwa na visanduku vidogo, kimoja kwa kila siku, na kila kisanduku kilikuwa na alama ya vema. Alama zilikuwa zimenyooka kama askari wa gwaride.

Mlangoni alisimama mwanamke wa miaka sitini hivi. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji hadi viwikoni. Alinukia sabuni na pasi ya moto. Jengo zima lilimjua kwa jina la Mama Pasi, dobi wa chumba cha mkabala.

"Wewe ndiye uliyemkuta, mama?"

"Ndiyo, baba."

"Saa ngapi?"

"Saa moja kamili. Mimi hugonga saa moja kamili."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Mimi ndiye msimamizi wake wa dawa. Alikuwa na kifua kikuu. Kliniki inataka mgonjwa ameze mbele ya mtu, maana wagonjwa ni waongo kama mafundi cherehani."

"Na jana alimeza?"

"Mbele ya macho haya. Kadi hiyo hapo, soma. Hakuna kisanduku kitupu."

"Na hivi sita vya jioni?"

"Hivyo ni vya moyo. Aliwekewa vali ya bandia zamani. Hivyo alimeza mwenyewe, alivijua kwa kuvipapasa." Alimtazama marehemu, halafu akatazama kando. "Kila kitu alikijua kwa kukipapasa. Ndiyo maana karakanani wakamwita Vidole."

Wakati huohuo mtu mfupi mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi alijipenyeza mlangoni. Alikuwa seremala aliyemtengenezea Vidole mbao za viti, mwenzake wa kazi kwa miaka kumi na minne.

"Nimekuja kumtukana kidogo," alisema, akijaribu kutabasamu. "Hajawahi kuchelewa. Nikasema leo ndiyo leo, leo nitamwita mvivu mpaka…"

Aliiona miguu ya marehemu. Akavua kofia. Akakaa kwenye kiti kisichosukwa, akazama kwenye uwazi wake hadi magoti yakamfika kidevuni, na hakuna aliyecheka.

*

Daktari wa maiti alikuwa mama mfupi aliyependelea maiti kuliko walio hai. Maiti, alisema, hawamkatizi mtu maneno.

"Nani kampiga?" Inspekta aliuliza alasiri ile.

"Hakuna."

"Mwili mzima mabaka, daktari."

"Yametokea ndani. Damu yake ilikuwa imesahau kuganda. Mtu wa namna hiyo ukimshika mkono kumsalimia, unamwachia alama." Alivua glavu. "Juzi au jana aligonga paji la uso, pengine kwenye ukingo wa kitanda. Mimi na wewe tungeota nundu, tungeisugua, tungekilaani kitanda, basi. Yeye damu ilivuja ndani ya fuvu polepole, ikaukandamiza ubongo."

"Sababu?"

"Dawa ya kuzuia damu kuganda. Kipimo kimeonyesha imejaa mwilini kupita kiasi. Na si ya siku moja. Imejilundika."

Mkuu wa kituo alipoisikia taarifa hiyo alifurahi, maana ilikuwa fupi. Kopo linasema sita. Wagonjwa wengine wa hospitali alikopewa dawa wanapewa viwili. Nani aliandika sita? Mfamasia. Saa kumi na moja jioni mfamasia alikuwa mahabusu bila mkanda wala viatu.

"Kesho saa nane mchana anasomewa mashtaka," alisema Mkuu. "Hesabu ya chekechea, Inspekta."

"Chekechea wana ruhusa ya kukosea, mkuu."

"Basi una mpaka saa nane."

*

Saa kumi na mbili asubuhi Inspekta alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa mbele ya nondo za mahabusu. Ndani, mfamasia hakuwa amelala. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, na mfuko wa shati wenye doa la wino.

"Miaka kumi na tisa niko kwenye lile dirisha la dawa," alisema kabla ya kuulizwa. "Lina tundu la ukubwa huu. Watu wananijua mkono. Hata gerezani sidhani kama kuna atakayekuja, labda niutoe mkono nje wautambue."

"Uliandika sita."

"Niliandika."

"Kawaida ni viwili."

"Na yeye alianza na viwili. Halafu akapata kifua kikuu." Mfamasia alisogea karibu na nondo. "Inspekta, umewahi kufikiri dawa inakwenda wapi ikishamezwa?"

"Mimi huogopa hata kufikiri chakula kinakwenda wapi."

"Inapita kwenye ini. Ini ni karakana. Ndani mna vibarua wadogowadogo, tunawaita vimeng'enya. Kazi yao ni kuibomoa kila dawa inayopita, ili mwili uweze kuitupa nje. Bila wao kidonge kimoja kingekutumikia mpaka kikuue. Umenielewa hapo?"

"Nimeelewa. Wabomoaji."

"Sasa dawa ya kifua, hii rifampisini, ina tabia moja. Ikifika kwenye ini inaajiri. Inaita vibarua wapya, wanajaa pomoni. Na hawa vibarua hawachagui. Dawa ya moyo ikipita, wanaivamia kama marobota ya mitumba yakifunguliwa sokoni. Vidonge viwili vinabomolewa kabla havijagusa damu. Kwa hiyo unapandisha. Vitatu. Vinne. Unapima damu, unapandisha tena. Kwa Vidole tulifika sita, na sita vilikuwa sawasawa. Vilimlinda."

"Na dawa ya kifua ikisimama?"

Mfamasia alisugua doa la wino mfukoni mwake.

"Vibarua wanaondoka. Si kwa siku moja. Wiki mbili, tatu. Mmoja mmoja, kimyakimya, bila kuaga. Na sita vinaendelea kuingia kila jioni, na wa kuvibomoa hayupo. Kwa hiyo ni lazima ushushe, na upime damu kila wiki."

"Hukushusha."

"Hakuna aliyeniambia imesimama! Kliniki ya kifua iko jengo jingine. Mgonjwa akimaliza wanaandika barua, msimamizi wake ananiletea. Ndiyo njia yetu, mbovu, lakini ndiyo hiyo. Mwezi uliopita yule mama alikuja kuchukua dawa ya moyo. Nikamwuliza, 'Bado anameza vya kifua?' Akasema, 'Bado, wamemwongezea miezi miwili.' Nikamwuliza mbona hajaja kupima damu. Akasema ana mafua, atakuja."

"Kadi inasema alimeza vya kifua mpaka juzi."

"Kama kadi inasema kweli, sita visingemdhuru. Maana yake ni kwamba mimi nilimtilia koponi vidonge visivyo vyake, na nifungwe." Alishika nondo kwa mikono miwili. "Ama kadi ni mwongo, ama mimi ni muuaji. Sioni njia ya tatu, na nimeitafuta usiku kucha."

"Nitajuaje? Mwenye mwili hasemi."

"Anasema. Ile dawa ina rangi, Inspekta. Mgonjwa akiimeza, mkojo unakuwa wa rangi ya chungwa. Machozi. Jasho. Huwezi kuificha. Siku mbili tatu baada ya kuacha, rangi inakwisha."

Inspekta alitoa simu pale pale kwenye ndoo.

"Daktari? Mkojo wa marehemu ulikuwa wa rangi gani?"

"Shikamoo yako iko wapi?" sauti ilijibu. "Mtu anampigia mwanamke simu alfajiri kumwuliza habari za mkojo!"

"Shikamoo, daktari. Rangi gani?"

"Manjano hafifu. Kama wa mtu yeyote."

*

Binti wa marehemu alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka mji wa mbali. Inspekta na Sajini walimkuta kwenye chumba cha baba yake, amekaa kitandani, sanduku la nguo liko wazi miguuni pake. Alikuwa amepangua nguo ili apange upya, kama wafanyavyo watu ambao mikono yao haijui la kufanya.

"Pole sana, binti."

"Asante, baba." Alifuta pua. "Nilikuwa nimemtayarishia chumba. Nilikipaka rangi, halafu nikacheka peke yangu. Rangi ya nini kwa mtu asiyeona?"

"Alikuwa ahamie kwako?"

"Akimaliza dawa. Daktari alisema asisafiri kabla ya kumaliza. Nilihesabu miezi sita. Ilipokwisha nikampigia simu, akasema, 'Wameniongezea miwili, mwanangu. Vuta subira.'"

"Alisema hivyo mwenyewe?"

"Kwa kinywa chake."

Inspekta aliinama juu ya sanduku. Fulana za zamani zilikuwa saba. Zote zilikuwa na madoa ya rangi ya chungwa, kwapani na shingoni, yaliyofifia kwa kufuliwa lakini yamekwama humo kama deni la ukoo. Juu yake zilikuwa fulana nyingine nne, nyeupe kama karatasi.

"Hizi?"

"Nilimtumia mimi. Siku arobaini zilizopita."

"Pengine hakuzivaa."

Binti aliipindua moja. Shingo ilikuwa imelegea. Ubavuni palikuwa na mchubuko wa mti, pale ambapo msusi hukibana kiti anapovuta henzerani.

"Amezivaa, afande," alisema Sajini kwa sauti ndogo. "Amezivaa mpaka zimechoka."

Inspekta alichukua fulana mbili, nyeupe moja na yenye madoa moja, akazitia kwenye bahasha ya vielelezo. Kisha akamtuma Sajini karakanani kwa yule seremala. Mtu anayekaa na mwenzake miaka kumi na minne, alisema, hujua hata kikohozi chake cha uongo. Yeye mwenyewe akaenda kliniki ya kifua.

Muuguzi wa pale hakuhitaji hata dakika mbili. Alifungua daftari, akapitisha kidole.

"Huyu alimaliza. Siku arobaini na mbili leo. Makohozi safi, picha ya kifua safi."

"Mlimwongezea miezi miwili?"

"Nani? Huyu? Hapana."

"Barua ya kwenda kwa mfamasia?"

"Nilimpa msimamizi wake, mkononi. Nakala yake hii hapa, isome. Mama mmoja dobi, mpole kweli." Muuguzi alikunja uso. "Alitazama ile barua kwa muda mrefu, akaniuliza kama nina kadi nyingine tupu. Nikamwuliza ya nini. Akasema anataka aitunze kama ukumbusho. Nikampa. Nilidhani ni mapenzi tu ya wazee."

*

Saa nne na nusu Mama Pasi aliketi kwenye chumba cha mahojiano. Mikono yake aliipakata mapajani, mmoja juu ya mwingine, kama nguo zilizokunjwa. Inspekta alimsomea onyo: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na linaweza kusomwa mahakamani.

"Nimeelewa, baba."

Inspekta aliiweka fulana nyeupe mezani.

"Unaijua?"

"Ya Vidole. Binti yake alimtumia."

"Aliivaa?"

"Aliivaa sana. Nimeifua mwenyewe mara sita au saba."

"Na alipokuwa akiivaa, alikuwa anameza dawa ya kifua?"

"Kila siku."

"Jasho lake lilikuwa la rangi gani?"

Alikunja ukingo wa fulana.

"La rangi ya chungwa."

"Mbona hii ni nyeupe?"

Hapo ndipo dobi alipojibu badala ya mtuhumiwa. Alinyoosha mgongo.

"Ni ufundi, baba. Watu huja kwangu na madoa waliyokwisha kuyakatia tamaa. Damu, wino, mafuta ya gari. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na mitatu."

"Nakuamini." Inspekta alitoa ile fulana ya pili, yenye madoa ya chungwa, akaitandaza kando ya nyeupe. "Basi ufundi huo ulikwenda wapi siku ulipofua hii?"

Mama Pasi aliziangalia fulana zote mbili.

"Hii ni ya miezi ile sita ya kwanza. Uliifua mara ngapi?"

"Nyingi."

"Kwa nini rangi haikutoka?"

Mama Pasi aliishika ile fulana. Kidole gumba chake kilisugua doa kwa mazoea, mara mbili, mara tatu. Kisha kikaacha.

"Haitoki," alisema. "Rangi ile haitoki kwa kitu chochote. Nilijaribu kila kitu."

"Kuna mtu yuko mahabusu, mama. Saa nane anasomewa shitaka la kuua. Amekaa kwenye lile dirisha miaka kumi na tisa."

"Mfamasia?"

"Mfamasia."

"Lakini yeye kafanya nini?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza wewe."

Nje mtu alikuwa akipiga taipu kwa vidole viwili.

"Barua ninayo," alisema mwishowe. "Iko chini ya blanketi la kupigia pasi. Napiga pasi juu yake kila siku, na kila siku najiambia kesho nitaipeleka."

"Uliisoma?"

"Niliisoma mstari wa kwanza. *Mgonjwa amemaliza matibabu.* Sikuendelea. Wa kwanza ulinitosha."

"Mstari wa tatu unasema apunguziwe dawa ya moyo."

"Sikujua! Wallahi sikujua, baba. Nilidhani za kifua ni za kifua na za moyo ni za moyo. Nani angefikiri kidonge kimoja kina habari na kidonge kingine?"

"Ulimpa nini badala yake?"

"Vile vidonge vya kuongeza damu. Vinauzwa duka la dawa, vya wajawazito. Rangi yake inafanana kidogo na vya kifua. Nikasema hata kama havina maana, havina madhara. Nikatia kwenye kopo. Nikaanza kadi mpya."

"Kwa nini, mama?"

Alicheka kidogo, kicheko kikavu.

"Utaona upuuzi."

"Nimeona mengi."

"Wateja wangu hunipitishia furushi dirishani. Wananiambia, 'Kesho kutwa.' Mimi nasema, 'Kesho kutwa.' Hayo ndiyo mazungumzo yangu. Wanangu wako mbali, wananitumia salamu kwa watu wanaozisahau njiani. Kisha kliniki ikaniambia nimsimamie huyu mzee. Saa moja kamili nagonga. Anasema, 'Nani?' Anajua ni nani, lakini anauliza. Nasema, 'Serikali.' Anameza, anakunja uso kama mtoto, ananiambia maji yangu ni machungu kuliko dawa. Ananiuliza nimeota nini. Dakika kumi. Halafu kila mtu na kazi yake. Lakini, baba, mtu akikuuliza asubuhi umeota nini, usiku unalala kwa bidii."

Inspekta aliandika. Nyumbani kwake redio huwa anaiacha ikiongea akitoka, ili akirudi akute mtu. Hakuna aliyelijua jambo hilo, na sasa hakupenda kulikumbuka.

"Akimaliza dawa angeondoka," alisema.

"Nilimsikia kwenye simu na binti yake. 'Nikimaliza nitakuja.' Nikasema, miezi miwili tu. Niibe miezi miwili, halafu nitampa barua, nitamfungia nguo, nitampeleka stendi mwenyewe."

"Hukuona dalili? Mabaka? Damu?"

Hapa alianza kulia, lakini bila sauti, na maneno yalitoka yakiwa makavu.

"Mabaka sikuyaona, alivaa mikono mirefu. Damu niliiona. Kwenye leso. Ufizi, pua, sijui. Niliifua kwa maji baridi na chumvi. Na nikadhani kifua kimerudi." Aliinyooshea karatasi kidole. "Andika na hili. Nikafurahi. Nikasema, kama kimerudi, basi ataanza dawa upya, miezi sita mingine, na safari hii haitakuwa uongo."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Halafu ikaendelea.

Mlango ulifunguliwa. Sajini aliingia na karatasi mbili za maelezo ya seremala, zenye vumbi la mbao. Hakuwa na mzaha usoni. Alimnong'oneza Inspekta: "Soma ukurasa wa pili, afande. Na kama una huruma, usimsomee."

Inspekta alisoma. Akarudia. Akaiweka karatasi chini, maandishi yakitazama meza.

"Mfamasia atatoka?" aliuliza Mama Pasi.

"Sasa hivi. Sajini, mwambie Mkuu. Na mrudishieni viatu."

Sajini alitoka. Wakabaki wawili.

"Nashukuru." Alijipangusa kwa kiwiko. "Nina swali moja, baba, kisha nitatia sahihi. Mnapochunguza mnajua mengi. Vidole aliwahi kulalamika kuhusu mimi? Aliwahi kushuku? Maana usiku wa jana nimelala nikiwaza kwamba huko aliko ameshajua, na ananichukia."

Inspekta alimtazama. Katika kazi yake alikuwa amejifunza kwamba kuna ukweli unaomfungua mtu na ukweli unaomfungia, na kwamba kwa nje funguo zake hufanana. Hakuwa na hakika huu ni upi. Lakini mwanamke alikuwa ameuliza, na siku arobaini za kutoulizana ndizo zilizomlaza mtu sakafuni.

"Alijua," alisema.

"Alijua nini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mwenzake karakanani ameandikisha." Inspekta alisoma polepole, bila kutia chumvi. "'Vidole aliniambia: dawa yangu imekwisha, ndugu yangu. Yule mama ananimezesha vidonge vya wajawazito. Anadhani vidole vyangu ni vya mbao. Nikamwambia, mkatalie. Akasema, nikimkatalia, asubuhi nani atanigongea mlango? Binti yangu ananipenda, lakini anakwenda kazini alfajiri anarudi usiku. Kule nitakaa na ukuta uliopakwa rangi. Nimemwambia wameniongezea miezi miwili. Wewe usiseme kitu.'"

Mama Pasi hakulia. Midomo yake ilitembea bila sauti, kama mtu anayesoma maneno hayo upya kichwani.

"Kwa hiyo hakutaka kuondoka."

"Hakutaka."

"Na ningempa barua, angebaki."

"Pengine angebaki."

"Angekuwa hai."

Inspekta alimgeuzia maelezo yake, kurasa nne za mwandiko mzito, akamwonyesha mahali pa sahihi. Kosa lenyewe, alimweleza, litaitwa kuua bila kukusudia, pamoja na kughushi kadi ya matibabu. Atahitaji wakili.

Mama Pasi alichukua kalamu. Aliisogeza hadi kwenye mstari, akaisimamisha.

"Haya yatasomwa mahakamani? Kwa sauti?"

"Yote."

"Basi ongeza na hayo ya seremala. Yale ya kugongewa mlango."

"Mama, hayo hayakusaidii. Mwendesha mashtaka atasema barua ingemwokoa, na hakimu atakubali."

"Najua. Atakuwa amesema kweli." Alimrudishia kalamu. "Andika hivyohivyo, baba. Miaka yote nitakayofungwa nitakuwa nimeyasikia mara moja yakisemwa mbele ya watu."

Inspekta alivuta karatasi ya tano, akaanza kunakili.